Filamenti inaonekana kwenye haidrojeni alfa, kwenye milimita 1.25 haipo. Nakosea wapi?

MsomaJua: Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana wiki nzima nazunguka palepale. Nimechukua data zilizo wazi za ALMA (zile antena za redio za Chile), ramani ya Jua ya mawimbi ya milimita 1.25, nikaiweka juu ya picha ya haidrojeni alfa (ule mwanga mwekundu wa haidrojeni) ya saa ileile. Kwenye haidrojeni alfa filamenti, yaani lile wingu la plazma (gesi yenye chaji) linaloelea juu ya Jua, ni nyeusi tii, ndefu, haina ubishi. Kwenye ALMA nikifuata mstari uleule napata kelvini zilezile za pembeni yake kama vile hakuna kitu. Nimehakiki saa na mzunguko wa Jua, vyote viko sawa. Halafu ramani ndogo ya intaferomita (antena nyingi zilizounganishwa) ina pikseli zenye namba hasi, kelvini hasi kwenye Jua inawezekanaje?

antena_saba: Hujakosea mkuu. Kwenye haidrojeni alfa filamenti ni nyeusi kwa sababu inanasa mwanga unaotoka chini yake inautawanya pande zote. Kwenye milimita, elektroni huru zikipita karibu na ioni ndo zinatoa mawimbi, kwahiyo unapima joto la plazma yenyewe. Sasa kromosfia (tabaka lililo juu kidogo ya uso wa Jua) iliyo nyuma, katikati ya diski, yaani duara la Jua tunaloliona, ni kelvini 5900 hivi. Tuseme filamenti ina 6000 na inazuia asilimia 16 tu ya mawimbi, tofauti utakayoipata ni kelvini 16! Na kromosfia yenyewe hapo jirani inapanda na kushuka kwa mamia.

Bi_Plazma: Naongezea, jaribu milimita 3. Uwezo wa plazma kuzuia mawimbi unakua karibu na mraba wa urefu wa wimbi, kwahiyo kutoka 1.25 kwenda 3 unapata kama mara 6. Ukishuka hadi 0.87 ndo inapitisha kila kitu kama kioo cha dirisha kabisa. Ila mimi ningeiacha diski nikasubiri filamenti ifike ukingoni iwe prominensi (wingu lilelile likionekana pembeni ya Jua), pale nyuma yake ni giza, hata mng'ao mdogo unaonekana. Prominensi ya tarehe 19 Aprili 2018 ALMA waliipiga hivyohivyo, ukingoni kwa milimita 3. Angalizo tu, namba utakayoipata ukingoni sio joto lenyewe, plazma ya 8000 ikiwa nyembamba inaweza kukusomea 1300.

antena_saba: Na hizo hasi usiogope. Intaferomita inaona tofauti tu, wastani wa Jua zima haiupati, lazima uchanganye na ramani ya diski nzima iliyopigwa na antena mojamoja.

MsomaJua: Aisee asanteni sana, kumbe hiyo ramani ya antena moja ninayo nilikuwa sijaichanganya. Bi Plazma, nikiwa na milimita 3 na haidrojeni alfa ya prominensi ileile naweza kutoa joto?

Bi_Plazma: Ndiyo, mng'ao wa haidrojeni alfa unakukadiria unene wa plazma, milimita inakupa joto. Hakikisha kwanza umelainisha picha ya haidrojeni alfa ilingane na ukali wa picha ya ALMA, usipofanya hivyo nyuzi nyembamba zitakudanganya.

MsomaJua: Sawa dada, naanza na kulainisha usiku huu.