Mama ana magoti mabovu, Yerusalemu ataiweza?

BintiMisungwi
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Usharika wetu unaandaa safari ya Nchi Takatifu na Mama, mwenye miaka 69, ameshajiandikisha. Amekuwa akiweka akiba ya safari hii tangu marehemu Baba yu hai, kwa hiyo kumwambia asiende ni kutafuta ugomvi. Shida ni magoti. Ngazi za kupandia kwangu ghorofa ya kwanza tu anapumzika katikati. Ratiba inasema Mlima wa Mizeituni, Gethsemane, Njia ya Msalaba na Kaburi Takatifu, vyote siku moja. Mchungaji akiulizwa anajibu "Bwana atatutia nguvu". Sina shaka na Bwana, nina shaka na ratiba. Mliokwenda, wapi pagumu? Na huko Yordani kukoje? Ameanza kusema anataka kubatizwa upya.

MamaMkweMmoja
Mpe Mama shikamoo yangu. Nilikwenda na mama mkwe, magoti hayohayo, kabla ya vita ya Oktoba 2023.

Galilaya msiwe na wasiwasi. Kapernaumu ni tambarare, na ile inayoaminika kuwa nyumba ya Petro unaichungulia kupitia kioo kwenye sakafu ya kanisa lililojengwa juu yake. Mchana mtapelekwa kula "samaki wa Petro". Mama mkwe ni mzaliwa wa Ukerewe, alimgeuza, akamkagua mapezi, akauliza, "Huyu si sato huyu?" Kweli ni jamii ya sato. Akasukuma uma pembeni, akamla kwa mkono.

Yerusalemu ndiyo kazi. Kutoka kileleni Mizeituni hadi Gethsemane watu hushuka kwa miguu, njia nyembamba, mteremko mkali, na magoti huumia zaidi kwenye kushuka. Akishatazama mji pale juu arudi kwenye basi, mkutane bondeni. Njia ya Msalaba inapita vichochoro vya soko, mawe yamesuguliwa mpaka yanateleza, na vingazi kila mahali. Vituo vitano vya mwisho vimo ndani ya Kanisa la Kaburi. Ukiingia tu, kulia kuna ngazi za kupandia Golgotha: nyembamba, zimesimama wima, na nyuma watu wanasukuma. Mama mkwe hakupanda. Karibu na mlango kuna Jiwe la Kupakwa Mafuta, panapoaminika mwili wa Yesu ulipakwa mafuta kabla ya kuzikwa, lipo sakafuni, halina ngazi. Alitandaza kitenge chake juu yake akasali mpaka sisi tukashuka. Kile kitenge hakifuliwi mpaka leo, usiniulize.

Bethlehemu mlango wa Kanisa la Kuzaliwa una kama mita 1.2, ataingia ameinama, amshike mtu mkono.

MzeeWaZaburi
Kuhusu Yordani, vikundi vingi hupelekwa Yardenit, pale mto unapotokea Ziwa la Galilaya. Kuna vyuma vya kushikilia mpaka majini, na kanzu nyeupe za kukodi. Wengine hupelekwa Qasr el-Yahud, karibu na Yeriko. Msitegemee Rufiji, ng'ambo ya pili ni nchi ya Yordani na mnaweza kusalimiana. Kwetu Walutheri ubatizo ni mmoja, ila mchungaji anaweza kuongoza kukumbuka ubatizo na kummwagia maji kichwani. Mwulizeni kabla hamjaondoka, msianze kubishana mtoni.

Jingine: ombeni chumba cha chini. Kuanzia Ijumaa jioni ni Sabato, Wayahudi washika dini hawabonyezi vitufe, kwa hiyo katika hoteli nyingi lifti moja hujiendesha yenyewe na kusimama kila ghorofa. Ukiwa ghorofa ya tisa utaimba pambio zima.

BintiMisungwi
Asanteni sana. Nimemsomea yote. Mizeituni kakubali basi. Golgotha kakataa, anasema atapanda hata kwa makalio. Namtafutia fimbo, hivi kwenye ndege wanairuhusu?

MamaMkweMmoja
Ya kutembelea wanairuhusu. Na mapema mwambie wakala aombe kiti cha magurudumu uwanjani, hawatozi hela. Mama atakataa. Omba tu.