Kikundi cha Ukoo: Dansi ya Jumamosi katika Ukumbi wa Zamani

Salma: Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu habari za jioni. Kamati yetu imeruhusiwa kuutumia ule ukumbi wa zamani wa dansi Jumamosi ijayo, kuanzia saa moja jioni hadi saa sita usiku, na saa ya kwanza itakuwa ya mafunzo kwa wasiojua lolote. Dansi itachezwa wawili wawili, lakini haitafungwa na mtindo mmoja. Ni ile inayoitwa fyusheni, ambamo wimbo mmoja unaweza kuchezwa kwa hatua za tango, mwingine kwa bluzi au zouk, na wapo watakaozichanganya zote ndani ya wimbo huo huo kadiri muziki unavyowaelekeza. Ningefurahi sana ukoo mzima ukija, na mwenye swali aulize hapa hapa ili jibu liwafae wote.

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu. Mimi nimecheza dansi tangu usichana wangu, lakini wakati wetu kila mtindo ulikuwa na hatua zake, na mwanamume ndiye aliyekuja mezani kuomba. Sasa nieleze: ikiwa hakuna mtindo uliopangwa, nitajuaje anayenishika mkono anakotaka kunipeleka?

Salma: Utajua kwa uzito wake, Shangazi. Anayeongoza huhamisha uzito wa mwili kabla mguu haujaondoka sakafuni, na anayefuata huuhisi uhamisho huo kupitia kiganja au mkono uliowekwa mgongoni, hata kama hajawahi kufundishwa hatua hiyo. Ndiyo maana wachezaji wazuri hawakimbilii mizunguko wimbo unapoanza. Husimama, wakayumba kidogo pamoja, kila mmoja akapima mwenzake anapenda ukaribu gani na anausikia mdundo gani, kisha ndipo hatua huanza. Kuhusu kuomba, mtu yeyote anaweza kumwomba yeyote, na swali la kwanza ni kama mwenzako angependa kuongoza au kufuata. Wanawake wataongoza, wanaume watafuata, wanaume wawili au wanawake wawili watacheza pamoja, na wengine watabadilishana nafasi katikati ya wimbo.

Shangazi Zuhura: Hilo la kubadilishana ni geni kwangu, ingawa sina ubaya nalo. Kwa miaka mingi nimefuata watu waliokuwa wakiachana na mdundo, na mara nyingi nilitamani kuushika usukani mimi mwenyewe.

Mjomba Hamisi: Dada, hata wale wa mashindano, ambao kwa desturi hawana haraka ya kubadilisha kanuni, wamefika huko. Mwaka 2019 baraza la taifa la dansi la Marekani lilibadilisha maelezo ya wachezaji wawili katika mashindano yake, likasema kwamba ni anayeongoza na anayefuata, bila kujali jinsia zao. Kwa hiyo ukiongoza Jumamosi hutakuwa umevunja heshima ya dansi.

Neema: Shikamooni. Mimi nina hofu moja tu, nayo ni kukataa. Nikiombwa na mtu ambaye sitaki kucheza naye, au nikiwa nimechoka, nimjibu nini bila kumwaibisha?

Salma: Mjibu, "Hapana, asante," na hapo jibu limekamilika. Hudaiwi sababu, na aliyeomba hapaswi kuitafuta wala kurudi kukusihi. Jambo hili tutalifundisha kwa vitendo katika saa ya mafunzo. Kila mmoja ataomba na kukataliwa, ataomba na kukubaliwa, mpaka kukataliwa kupoteze ule uchungu wake. Vilevile, ukikubali kucheza hujakubali kila kitu. Unaweza kuomba nafasi zaidi kati yenu, unaweza kusema hutaki kuzungushwa, na unaweza kushukuru na kuondoka kabla wimbo haujaisha. Kumlaza mwenzako nyuma juu ya mkono wako kunahitaji ruhusa iliyo wazi, kwa sababu mgongo na shingo ni vyake. Kumnyanyua mtu juu hakutaruhusiwa kabisa kwenye sakafu yenye watu wengi. Watakuwapo wanakamati waliovaa vitambaa vya rangi mkononi, ambao unaweza kuwaendea ukiona mtu hasikii neno hapana.

Neema: Asante dada, nimepumua. Nitanunua tiketi kesho.

Salma: Tiketi zitapatikana pia mlangoni, kila mtu atalipa anachoweza, na asiyeweza ataingia bila kulipa.

Kaka Juma: Nami nina neno kuhusu huo mlango. Nimewahi kufika kwenye jengo hilo. Lango la mbele lina ngazi za mawe, na nilipouliza nitapandaje na kiti changu cha magurudumu, nilielekezwa nyuma, kwenye njia inayopita karibu na mapipa ya taka. Ndani sakafu ni nzuri, tena magurudumu huteleza vizuri juu ya mbao kuliko juu ya zulia. Lakini tangazo linalosema kwamba watu wote wanakaribishwa, huku mimi nikiingilia nyuma, linanichoma, na sitaki kulificha hilo mbele ya ukoo wangu.

Salma: Kaka, unasema kweli. Jengo linalindwa kama urithi wa kale, kwa hiyo hatukuruhusiwa kugusa ngazi za mbele, na sisi wanakamati tulitosheka kwamba mlango wa nyuma una mteremko. Nitalirudisha suala hili kwenye kamati usiku huu.

Mjomba Hamisi: Lirudishe, na uwaambie kwamba historia ya kumbi za dansi kwa sehemu kubwa ni historia ya milango. Kule Harlem, katika jiji la New York, miaka ya 1920 na 1930 palikuwa na kumbi mbili zilizosifika dunia nzima. Cotton Club iliwaweka wanamuziki na wachezaji weusi jukwaani, lakini wateja wake walikuwa weupe, na watu weusi wa mtaa huo huo hawakupokelewa kama wageni. Savoy Ballroom, iliyofunguliwa mwaka 1926 katika Barabara ya Lenox, iliwaingiza weusi na weupe kwa mlango mmoja na kuwaacha wacheze juu ya sakafu moja. Ilikuwa na majukwaa mawili ili bendi moja ikipumzika nyingine ipokee bila muziki kukatika. Humo ndimo Lindy Hop, dansi ya wawili wawili ya muziki wa jazi, ilimokomaa, na humo mchezaji wake mashuhuri, Frankie Manning, alimrusha mwenzake hewani mwaka 1935, akaanzisha mtindo ambao vijana wanauiga mpaka leo. Nadhani mtindo kama ule usingezaliwa mahali ambapo watu wanachujwa mlangoni, maana ulitokana na watu waliokuwa wakitazamana miguu kila usiku na kuchukuliana hatua.

Neema: Mjomba, ukumbi huo bado upo?

Mjomba Hamisi: Haupo. Ulifungwa mwaka 1958, ukabomolewa kupisha nyumba za makazi. Ulio hai ni mwingine, Spanish Ballroom wa Glen Echo, Maryland, karibu na Washington, uliojengwa mwaka 1933 ndani ya bustani ya burudani. Watu weusi hawakuruhusiwa kuingia katika bustani hiyo kwa miongo kadhaa. Tarehe 30 Juni 1960 wanafunzi, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha watu weusi kilichoko Washington, waliingia na kuketi kwenye farasi wa mbao wa bembea ya kuzunguka, watano wakakamatwa, na majirani weupe, wengi wao Wayahudi, wakaungana nao kuandamana langoni majira yote ya joto. Msimu uliofuata, mwaka 1961, bustani ilifunguliwa kwa wote. Leo eneo hilo liko chini ya idara ya hifadhi za taifa na bado watu hucheza dansi humo. Ninalitaja kwa kirefu kwa sababu uzuri wa kuta haukuwahi kumkaribisha mtu yeyote. Palihitajika watu wa kusimama langoni mpaka kanuni ibadilike.

Kaka Juma: Ahsante Mjomba. Mimi sitaki maandamano, nataka tu kuingia na wenzangu.

Shangazi Zuhura: Nami nina magoti mabovu, Juma, kwa hiyo ngazi hizo si rafiki zangu pia. Ila nilikuwa nimenyamaza.

Salma: Tukingoja jibu la kamati, niseme machache. Vaeni viatu vyenye soli laini ya ngozi au swedi, kwa maana soli ya mpira hung'ang'ania mbao wakati mwili unageuka, na goti ndilo linaloumia. Tafadhali msipake manukato, kwa sababu wapo wenye pumu ambao hulazimika kuondoka mapema kwa ajili ya harufu ya mtu mmoja. Kutakuwa na chumba tulivu pembeni, chenye taa hafifu, kwa wanaochoshwa na kelele. Na atakayetaka kucheza na Kaka Juma, au na mwingine yeyote aliye katika kiti, amwombe kwa kumtazama usoni, wala asikishike kiti kabla hajaruhusiwa.

Kaka Juma: Hilo la kiti ni muhimu. Mimi huongoza kwa mikono: nikivuta kidogo mwenzangu huja, nikisukuma kiganja huzunguka, na tukiachiana mkono mmoja ninaweza kugeuka naye sambamba. Mtu akikisukuma kiti changu kutoka nyuma, mazungumzo hayo yote hukatika.

Salma: Kamati imejibu. Lango la mbele litafungwa usiku huo. Meza ya tiketi, mabango, taa na wapokeaji wageni wote watahamia kwenye mlango wenye mteremko, mapipa yataondolewa tangu asubuhi, na kila mgeni, awe anatembea au yuko kwenye kiti, ataingilia hapo. Mmoja wa wanakamati alilalamika kwamba watu watakosa kuziona nguzo za mbele, akajibiwa kwamba nguzo hazitahama na anaweza kwenda kuzitazama mchana.

Kaka Juma: Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Nitakuja mapema niisaidie kamati kupanga viti, ili pabaki nafasi ya magurudumu kupita kandokando ya sakafu.

Mjomba Hamisi: Nitakuwa nawe saa kumi na moja.

Shangazi Zuhura: Juma mwanangu, naomba wimbo wa kwanza baada ya mafunzo. Ningependa kufuata.

Kaka Juma: Hapana, asante, Shangazi. Wimbo wa kwanza nimemwahidi Neema, ambaye alinitumia ujumbe kando. Karibu uniombe tena wimbo wa pili.

Shangazi Zuhura: Vema. Basi wa kwanza nitamwomba Hamisi, na nitaongoza mimi.