Naomba ushauri: kufunga stoo ya shule ya msingi Desemba, Moshi

Wakuu, habari za majukumu. Tunafunga shule Desemba mpaka Januari, na stoo inabaki na magunia 6 ya mahindi ya uji na madebe 4 ya maharage. Kipindi hicho joto linapanda, na dumuzi ndipo wanapochachamaa.

Mpango ni kuanika mahindi kwenye turubai, kupepeta, kisha kupima kwa chumvi: konzi ya mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa, acha dakika 10. Chumvi ikinata kwenye chupa, bado yana unyevu. Yakishakauka yapoe kwanza, ndipo yaingie mifuko ya kinga njaa (ile yenye mifuko miwili ya nailoni ndani ya mfuko wa nje, isiyopitisha hewa), hewa ikamuliwe na kila mfuko wa ndani ufungwe peke yake. Hofu yangu ni vipande vya magunzi. Kimoja chenye ncha kikitoboa nailoni, hewa inaingia na wadudu wanaendelea kuzaliana, halafu Januari watoto wanakuta unga wa dumuzi badala ya uji. Je, tundu dogo linazibika kwa selotepu, au mfuko huo ndio basi?

Lingine ni mchwa. Vitabu vitakaa juu ya chaga, mbali na ukuta, ili njia zao za udongo zionekane mapema. Kuna anayepaka oili chafu miguu ya chaga? Haichafui karatasi?

Ubao tutaupaka rangi siku za mwisho, ukauke vizuri kabla ya chaki. Naomba majibu ya waliokwisha jaribu, hasa kuhusu mifuko.