Alitolewa kinyama kooni, sasa sauti inakwaruza tena. Naomba ushauri

MamaTatu: Wakuu habari za jioni. Mume wangu ni dalali wa dagaa hapa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji Mwanza, akatolewa kinyama kwenye nyuzi za sauti. Sauti ikarudi safi kabisa. Aliporudi mnadani ikaanza kukwaruza, na jioni inakata. Sigara kapunguza, hajaacha. Hiki kitu huwa kinarudi?

Kijana wa Ujiji: Pole dada. Tangawizi na asali, ya moto moto, asubuhi na jioni.

NesiMstaafu: Tangawizi haiondoi kinyama, na mwenye kiungulia inaweza kumzidishia. Dada, majibu ya maabara yaliandika nini? Kama ni polipu, yaani kinyama laini kinachoota kwenye nyuzi za sauti, inaweza kurudi akiendelea na yale yale: kupayuka, moshi wa sigara, asidi kupanda kooni usiku. Kama ni papiloma, yaani vinyama vya aina ya chunjua, hiyo inaletwa na virusi vya HPV, hasa aina ya 6 na 11. Vinabaki kwenye utando hata baada ya upasuaji, kwa hiyo inaweza kurudi hata akikaa kimya. Wapo wanaorudi kupasuliwa mara kadhaa.

Mwl. Mwanga: Mimi ni mwalimu, nilikuwa na vinundu. Mwambie aache kujikohoza kusafisha koo, nyuzi zinagongana kila mara. Anywe maji kidogo kidogo. Na asidhani kunong'ona ndiyo kupumzisha sauti, kunong'ona kwa nguvu nako kunakaza koo. Anunue spika ya mkononi kama za wauza sumu ya panya.

MamaTatu: Ahsanteni. Nimekuta karatasi kwenye bahasha, imeandikwa polipu. Ugali anakula saa nne usiku, anaenda moja kwa moja kitandani. Spika hataki, anasema watamcheka.

NesiMstaafu: Basi ale mapema, yapite masaa mawili matatu ndipo alale. Sigara aache kabisa. Ila msikae na ushauri wetu tu: mvutaji akikwaruza sauti zaidi ya wiki 3 anapaswa kupitishiwa kamera kooni, saratani nayo huanza hivyo hivyo. Pumzi ikianza kupiga mluzi, hospitali siku hiyo hiyo.

Kijana wa Ujiji: Na spika achukue, shemeji. Wakongo wanaokuja kununua dagaa wanasikiliza bei tu.