Pankeki ya Kijerumani ya oveni na vitamu vya filo: vinaunganishwaje bila kulowana?

Mwokaji Mdogo

Habari zenu wapishi, na shikamooni wakubwa wote.

Naoka sana ile pankeki ya Kijerumani ya oveni, ile inayomiminwa kwenye kikaangio cha moto chenye siagi, kingo zikapanda mpaka zikapita ukingo wa chombo. Hiyo inanitii. Kwa upande mwingine napenda mno baklava na ndugu zake: galaktoboureko na bougatsa za Wagiriki, künefe ya Waturuki, ile ya nyuzi za unga na jibini. Nataka kuandaa kitindamlo kimoja cha watu wanne chenye pande zote mbili, na mtu akila ajue kabisa kwamba ni pankeki na kwamba kuna filo, zile manda nyembamba kama karatasi.

Kinachonitia wasiwasi ni shira. Baklava inamwagiwa shira nyingi na bado manda za juu zinavunjika mdomoni. Pankeki ni laini, imejaa mayai, naona itatepeta. Naomba mnisaidie kabla sijatia mkono: njugu ziingie kwenye mchanganyiko au zikae juu? Shira iwe ya moto au iliyopoa? Na manda za filo niziweke chini, ndani au juu?

Kijiko Kirefu

Usijisumbue na filo. Ikitoka tu kwenye oveni ichuruzie asali, nyunyizia pistachio zilizokatwakatwa na mdalasini, peleka mezani. Ladha ya baklava utaipata.

Mama Mdalasini

Marahaba mwanangu.

Kijiko Kirefu, ladha ataipata, sikatai, lakini ameomba filo, na nusu ya utamu wa vitu hivi ni ule mlio wa manda chini ya meno. Tumtafutie njia.

Wengi wakitaka kuchanganya hivi hukimbilia baklava. Mimi naona mwenzi wa pankeki hii ni mwingine. Angalia vilivyomo: mayai, maziwa, unga kidogo, siagi. Ikiiva, katikati yake ni kastadi. Baklava haina kastadi. Ni manda, njugu na samli. Wenye kastadi ni galaktoboureko na bougatsa. Galaktoboureko ni krimu ya maziwa, mayai na semolina iliyofunikwa na filo, kisha shira. Bougatsa tamu ya Thessaloniki ina krimu inayokaribiana na hiyo, ila haimwagiwi shira kabisa: inakatwakatwa ikiwa ya moto, inanyunyiziwa sukari ya unga na mdalasini, watu wanakula. Kwa hiyo krimu unayo tayari kwenye kikaangio. Unachotafuta ni kitu kikavu cha kukaa juu yake, na shira kiasi cha kuvishikanisha tu.

Sasa hofu yako ya kutepeta ni ya kweli. Baklava inastahimili shira kwa sababu kila manda imepakwa samli na imeokwa mpaka maji yameisha. Mafuta yanaichelewesha shira isiingie kwenye unga, ndiyo maana inakaa katikati ya matabaka. Pankeki ni kinyume chake. Haina hamira wala baking powder. Inapandishwa na mvuke wa maziwa na mayai, na protini ya mayai na wanga wa unga ndivyo vinavyoshika umbo. Ukiitoa tu, mvuke unapoa, katikati inanywea mbele ya macho yako, kingo zinabaki zimesimama. Kinachobaki pale chini ni laini na kina matundu. Mwaga kikombe cha shira hapo, yote inanyonywa. Wala usihangaike na moto au baridi ya shira. Ile kanuni ya kumwagia shira iliyopoa kwenye baklava ya moto inafaa pale ambapo kuna manda kavu za kuipokea. Hapa cha kuangalia ni uzito wa shira na kiasi chake.

Mimi nafanya hivi.

Naanza na shira ili ipate muda wa kupoa. Sukari gramu 150, maji mililita 100, kijiti cha mdalasini, ganda la chungwa lisilo na ule weupe wake. Ikichemka napunguza moto, naiacha dakika sita au saba bila kuikoroga. Nakamulia kijiko cha chai cha limau, maana tindikali inavunja sehemu ya sukari na kuizuia isigande kuwa chenga ikishapoa. Naipua, natia asali vijiko viwili vya chakula. Asali isichemke sana, harufu yake inapotea.

Kisha filo. Manda nne, moja moja, zilizobaki zikiwa chini ya kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri, maana filo ikiachwa wazi inakauka upesi na kupasuka. Kila manda naipaka siagi iliyoyeyuka kwa brashi, naikunja ovyo kwa vidole kama kitambaa kilichofinyangwa, naitandaza kwenye trei. Oveni digrii 180, kama dakika 15, mpaka iwe rangi ya dhahabu hata ndani ya mikunjo. Usidanganyike na ncha zilizogeuka rangi mapema. Inua kipande kimoja na uvunje: kikipinda, rudisha. Kikivunjika kwa sauti, kimeiva. Vikipoa navivunja vipande vikubwa, nachanganya na gramu 60 za walnati zilizokaangwa bila mafuta na kukatwa, nusu kijiko cha chai cha mdalasini na chembe ya karafuu ya unga.

Pankeki inakuja mwisho. Kwa kikaangio cha chuma cha sentimita 25: mayai matatu, maziwa mililita 120, unga wa ngano gramu 70, kijiko cha chakula cha sukari, chumvi kidogo, ganda la chungwa lililokwaruzwa. Piga mpaka mabonge yaishe, acha itulie nusu saa. Mayai na maziwa visitoke moja kwa moja kwenye friji. Kikaangio kiingie kwenye oveni ya digrii 220 kikiwa kitupu, kipate moto sawasawa, ndipo utupie siagi gramu 40. Povu la siagi likianza kutulia na harufu ikawa kama ya njugu, mimina mchanganyiko wote kwa mkupuo katikati na ufunge mlango. Dakika 18 hadi 20 usifungue. Oveni yenye feni, punguza digrii 20.

Njugu zisiingie kwenye mchanganyiko. Zinazama, zinauzuia kupanda, na zile zinazobaki juu zinaungua kabla katikati haijaiva. Sukari nayo usiizidishe, itakubabua kingo.

Ikitoka, subiri katikati inywee. Hapo pankeki yenyewe imekutengenezea bakuli. Jaza filo na njugu kwenye hilo shimo, kisha chukua shira iliyopoa, vijiko vitatu au vinne vya chakula kwa pankeki nzima, uchuruzie juu ya filo tu. Usiiguse kingo, hizo zimekauka na zina siagi, ziache zivunjike zenyewe. Shira iliyobaki iende mezani kwenye kijagi, anayetaka zaidi aongeze kwenye sahani yake. Wakae mezani kabla hujaitoa, kwa sababu filo ikikaa muda mrefu juu ya pankeki ya moto itavuta mvuke na kulainika.

Fundi wa Filo

Mama, nakuheshimu sana, lakini filo chini inawezekana. Panga manda kwenye trei zikiwa zimekunjwa mikunjo ya kusimama, oka dakika kama 10 kwa 180, mwagia samli, rudisha zipate rangi kidogo, kisha mimina maziwa na mayai yaliyopigwa na sukari, oka tena mpaka yashike. Shira juu. Mikunjo inabaki mikavu juu, chini ni kastadi tupu. Wagiriki pia wana portokalopita, keki ya machungwa ambayo filo iliyokaushwa na kuvunjwavunjwa inachanganywa humohumo ndani ya mayai na mtindi, halafu inanyweshwa shira.

Na kama hoja ni pankeki na shira, mashariki ya Mediterania walishamaliza kitambo: qatayef. Inapikwa upande mmoja tu, ule wa juu unaobaki na unyevu ndio unaoshikana ukikunja juu ya njugu au krimu. Inakaangwa au kuokwa, kisha inachovywa kwenye shira. Haitepeti kwa sababu ngozi ya nje imekauka kabla haijakutana na shira.

Hata kaskazini, kwa Wajerumani na Waaustria, si wageni wa unga mwembamba. Strudeli, kitamu chao cha unga uliokunjwa, inavutwa mpaka uone mkono upande wa pili, na maelekezo yake ya mwaka 1696 yaliyoandikwa kwa mkono bado yamehifadhiwa kwenye maktaba ya jiji la Vienna.

Mwokaji Mdogo

Asanteni sana, nimejifunza mengi kwa muda mfupi. Mama Mdalasini, hilo la bougatsa sikuwahi kulifikiria.

Bado nina ya kuuliza. Kikaangio cha chuma nilichonacho ni kidogo, nina bakuli kubwa la kioo la oveni, litafaa? Kwa nini umechagua walnati na si pistachio? Na kama wageni watachelewa, kuna namna ya kuandaa mapema? Pia nilikuwa nawaza kuongeza krimu ya semolina kwenye lile shimo kabla ya filo.

Mama Mdalasini

Fundi umesema kweli, na hiyo ya mikunjo naipenda sana. Ila humo hakuna kinachopanda. Filo inabana, na bila unga na kikaangio cha moto mkali zile kingo hazipatikani. Ni kitamu kamili cha filo, lakini pankeki imeondoka. Yeye anataka zote mbili zionekane.

Mwanangu, bakuli la kioo usilipashe moto likiwa tupu kisha ukalimwagia mchanganyiko wa baridi, linaweza kupasuka. Tumia trei ya chuma ya kuokea keki isiyo na kitako cha kutoa, au gawa mchanganyiko kwenye vikaangio viwili vidogo na upunguze dakika. Chuma chembamba kinapoteza moto upesi, kwa hiyo ukikitoa mimina harakaharaka.

Pistachio ni tamu, na baklava ya Gaziantep, mji wa Uturuki, imejengwa juu yake. Umoja wa Ulaya uliisajili baklava hiyo mwaka 2013 kama kiashiria cha kijiografia kinacholindwa. Lakini kule pistachio imekaa na samli na shira tu, hakuna cha kuizidi. Kwenye pankeki kuna harufu ya mayai, na mayai yanaifunika pistachio. Walnati ina ule uchungu mdogo wa ganda, ikiungana na mdalasini na karafuu kama Wagiriki wanavyofanya, inasikika hata palipo na mayai. Ukitaka rangi ya kijani, nyunyizia pistachio chache mwishoni.

Krimu ya semolina, hapana. Itakuwa krimu juu ya krimu, na unyevu wake utailainisha filo yote. Ukitamani kitu cheupe, weka kijiko cha mtindi mzito pembeni ya sahani. Ukali wake unaupunguza utamu wa shira.

Kuhusu wageni kuchelewa: filo, njugu na shira vinaandaliwa hata siku iliyotangulia, filo ikae kwenye kopo lisilopitisha hewa. Mchanganyiko ukae kwenye friji, uutoe mapema upoteze ubaridi. Pankeki yenyewe haisubiri mtu.

Kama huna uhakika kabisa wa saa, badilisha pankeki. Hii ya kupanda imekulia zaidi Marekani, inakojulikana kama Dutch baby na kuhusishwa na mkahawa wa Manca's Cafe wa Seattle. Ujerumani kwenyewe Pfannkuchen ya kila siku ni bapa na nyembamba, inapikwa jikoni kwenye kikaangio na mara nyingi kuliwa na jemu au matufaha. Hiyo inakunjika. Unga gramu 200, maziwa mililita 400, mayai matatu, chumvi, pika nyembamba. Ndani tandaza walnati gramu 150 zilizosagwa nusunusu pamoja na sukari vijiko viwili na mdalasini, kunja kwa kukaza, panga kwenye trei zisigusane. Hapo unaweza kufunika na kuweka friji. Wageni wakifika, paka siagi iliyoyeyuka kila upande, oka digrii 200 kama robo saa, mpaka ukigonga kwa ncha ya kisu usikie pamekauka. Ndipo shira, kijiko kimoja kwa kila mkunjo, na filo iliyovunjwa juu. Ni ile hekima ya qatayef aliyoisema Fundi: ngozi ikauke kwanza.

Lakini kama wageni wako ni watu wa saa, oka ile ya kupanda. Ukimaliza tuwekee picha ya kipande kilichokatwa, si ya juu. Nataka kuona kama kastadi imebaki na tabaka lake chini ya filo au shira imeshuka mpaka kitakoni. Kama imeshuka, wakati mwingine ichemshe dakika mbili zaidi.