Naomba ushauri: boti ya kuishi ya mwaka 1998, ubavu umeliwa na kutu

Wakuu, hii ni boti ninayotaka kununua, nyembamba ya mifereji ya Uingereza, futi 57, chuma cha 10/6/4: chini milimita 10, ubavuni 6, kibanda 4. Ilipopandishwa nchi kavu na kupimwa, ubavu ulikutwa na vishimo usawa wa maji. Kwenye kimoja, unene wa chuma umebaki milimita 3.8, na bima nyingi hutaka angalau 4. Anodi za magnesi (vipande vinavyoliwa na kutu badala ya boti) zimekwisha kabisa. Nashuku waya wa umeme wa gatini, hauna kifaa cha kuzuia mkondo unaokula chuma.

Muuzaji anataka kuchomelea bamba jipya juu ya la zamani. Hofu yangu uzito: boti itakaa chini zaidi majini na tundu la kutolea maji ya sinki likaribie maji ya mfereji. Kujaza vishimo tu kwa weldingi kunatosha? Nidai punguzo kiasi gani?