Mrejesho: homa ya mdogo wangu mwenye saratani ya damu

Wadau, niliuliza kwa nini homa ya mdogo wangu haishuki licha ya sindano za antibiotiki ya seftriaksoni. Majibu ya kuotesha damu (kipimo cha kutafuta bakteria kwenye damu) yametoka: ni bakteria aitwaye Klebsiella, tena ile aina inayotengeneza kimeng'enya cha kuivunja dawa hiyo. Kumbe tulikuwa tunatwanga maji kwenye kinu! Wamembadilishia antibiotiki nyingine, meropenemu, dripu kila baada ya saa 8. Siku ya tatu kipimajoto kikasoma 37.1, nikampima tena nikidhani kimeharibika. Ila neutrofili, zile chembe nyeupe za ulinzi, bado ziko chini ya 500 kwa mikrolita, kwa hiyo hatoki wodini leo wala kesho. Mikono yangu imechubuka kwa kunawa. Uliyesema tuulizie kipimo cha kuotesha, asante sana.